Boksi la Mia Nne na Kumi

Nimembebea maboksi miaka thelathini na mmoja.
Daktari Ottilie Prohaska: koti la kijivu, meza ya saba,
karibu na kipasha joto kisichopasha,
penseli tu, maana wino humu ni haramu.
Siku ya kwanza alisema, "Niletee waliotekwa,"
kana kwamba wako stoo, wamekaa, wanamsubiri.

Na kweli walikuwapo.
Kadi za posta kutoka Siberia, za vita vile vya kwanza,
mwandiko umebanana kama meno ya kitana,
pengine nusu nzima mkaguzi kaipaka weusi.
Prohaska alihesabu. Nani alikufa kwa homa ya chawa,
nani alirudi, nani hakurudi wala hakufa.
Hao wa mwisho ndio waliomkosesha usingizi.

Maprofesa wa hapa Vienna wakamwuliza:
mateka au wahamiaji? Chagua. Fedha zina mifuko miwili.
Akawajibu: mtu huondoka kwao na bunduki,
hulala chini ya ulinzi miaka minne,
asubuhi moja akakuta lango wazi na mlinzi hayupo,
akatoka, akatazama huku na huku,
akaenda kuomba kazi kwa mwoka mikate.
"Niambieni, kahama kwenye hatua ya ngapi?"
Cheo kilimchelewa miaka sita.

Kuna kadi moja. Vinzenz Stiasny, seremala wa Retz;
Tomsk, Machi, 1921:
*Mama, sahani yangu mpe Poldi. Huku ninayo nyingine.*
Basi. Hata salamu hakuna.
Haimo katika kitabu chake hata kimoja.
Nilipomwuliza alifuta miwani kwa ncha ya skafu.
"Kadi moja si ushahidi, Bwana Kostal.
Kadi moja ni mtu."

Jana kastaafu. Kulikuwa na keki;
mkuu wa idara akakosea jina la kitabu.
Saa kumi na moja kasoro akashuka kwangu,
akaomba boksi la mia nne na kumi.
Hakulifungua. Aliweka kiganja juu ya kifuniko
kama mtu apimaye homa ya mtoto,
akavaa koti, akaenda zake.

Nililikagua. Kazi yangu kukagua. Kadi imo.
Ila kwenye fomu, pale penye *sababu ya kuomba*,
alipokuwa akiandika *utafiti* miaka yote hiyo,
safari hii kaandika *kumuaga*.

Nikagonga mhuri.
Fomu isiyo na mhuri hairudi kabatini.