Mzigo Uleule

Saa nane usiku, mizani ya miwa, Butere.
Kompyuta mbili juu ya meza moja,
katikati chai imeshika ngozi.
Programu ni ileile, niliiweka mwenyewe,
ile ya kuchungulia nani anafanya kazi
na nani anajifanya.

Ya kushoto yasema: asilimia mia nne.
Ya kulia: hamsini.
Kazi pacha, dakika moja, foleni moja ya trekta.
Mia nne katika mia! Nani huyu
anayekula sahani nne na kaandaliwa moja?

Nikalitazama jina. Kushoto limeandikwa
*hesabu-ya-mizan*,
i ya mwisho imeachwa mlangoni,
maana mashine hiyo huhesabu herufi kumi na tano
kisha hufunga. Kulia jina limekaa lote,
limenyoosha miguu.
Kidole changu kilishafika kwenye kitufe cha kuua.

Halafu nikakumbuka, aibu ikanipanda:
vichwa ni vinane ndani ya kila moja.
Kushoto hujumlisha, kila kichwa na mia yake.
Kulia hugawa kwa nane kabla ya kufungua kinywa.
Hakuna iliyodanganya.
Kila moja imesema kwa desturi ya kwao,
kama gorogoro ya Luanda na gorogoro ya Yala.
Nikaondoa kidole. Nikacheka peke yangu,
nikanywa chai na ngozi yake.

Ndipo Khasoa akagonga dirisha,
dereva wa trekta la pili kutoka mwisho,
risiti mbili mkononi, zimelowa umande.
"Kule kituoni kwetu, tani tisa na nusu.
Hapa kwenu, saba na robo.
Miwa haikushuka njiani, fundi.
Nimelala juu yake tangu jana."

Nikafungua mdomo nimweleze habari ya kugawa,
ya mashine na desturi zao.
Mdomo ukabaki wazi.
Vichwa vinane nimevihesabu,
naweza kukuchorea ukutani.
Tani mbili na robo
sijui zimegawiwa nani.

Nyuma yangu, kushoto mia nne, kulia hamsini,
zimepatana, zinanguruma polepole kama paka.
Khasoa hajaondoka.
Kidole gumba chake kiko juu ya ile tisa,
amekikaza,
kana kwamba nayo itakatwa mkia.