Usimuuze Zafarani

Bi Mwanakombo, niwie radhi.
Nimekuja kunena ya faragha mbele ya kahawa yako
na mjukuu wako anasikiliza nyuma ya pazia.
Lakini bucha wa Kongowea amekwisha fika na kamba,
sina wasaa wa kupamba maneno.

Umesema: Zafarani tasa.
Mara nne amepandwa, mara nne amerudi,
kila siku ya ishirini na moja analia
hadi majirani wa Mwandoni wanagonga ukuta.
Umesema: dume halina kosa,
tazama shingo ile, tazama nundu,
Athmani Bwanamaka kalileta kwa lori toka Miritini
watoto wakalikimbilia kama bwana harusi.

Mimi sikutazama shingo.
Nilitazama tone moja chini ya darubini,
chumbani kwangu Ganjoni, umeme ukikatika ukirudi.
Mbegu zilikuwepo, tele,
zinakwenda mbio kama watoto wa chuoni
mwalimu akishasema tawanyikeni.
Nikaandika: mbio, nzuri. Idadi, nzuri.
Nikatia sahihi.

Nilihesabu waogeleaji, sikuuliza maji.

Kwa maana mbegu, Bibi, haitoki kwao imekamilika.
Ni njiani ambapo tezi zilizojificha karibu na kibofu
huimwagia maji yao:
chumvi, sukari, protini zenye majina marefu kama nasaba.
Hapo huvishwa, hupakwa,
hupewa cha kujishikizia ndani ya mirija ya ng'ombe
ilisubiri yai bila kuchoka.
Na maji yenyewe hubisha hodi kwenye mji wa mimba:
wageni hawa ni watu wa heri,
askari wenu wasiwapige.
Huyo ndiye mshenga.
Umewahi kuona posa ikenda bila mshenga?
Bwana harusi mzuri, mahari kamili,
na mlango haufunguliwi.

Wala usidhani mshenga akikaa sana ni baraka.
Maji yale yale, yakikawia na mbegu,
huichubua mafuta ya ngozi yake
ikazeeka kabla ya safari.
Ndiyo maana sisi tukikinga hufanya haraka,
tunazimua kwa kiini cha yai,
kama wewe unavyojua tui liingie lini
na likiachwa motoni litakatika.

Sasa kumbuka joto la mwezi wa tatu,
lililotulaza sote barazani.
Dume lile lilisimama chini ya bati tupu mchana kutwa.
Shingo haikupungua, nundu haikupungua.
Nadhani ni maji yaliyobadilika.
Nasema nadhani:
darubini yangu haioni protini,
kichupa nimekipeleka Nairobi, majibu hayajaja.

Unamkumbuka Mwanamize, mke wa kwanza wa kakako?
Alirudishwa Jomvu na sanduku lake, ati tasa.
Huko akaolewa, akazaa watatu,
wa mwisho ndiye anayekuuzia mkate wa sinia.
Kakako hakuna aliyemuuliza kitu.
Tulikuwa na adabu sana.

Basi mpe Zafarani zamu moja.
Kuanzia siku ya kumi na tisa usilale fofofo.
Akianza kulia nipigie, hata ikiwa usiku wa manane.
Nitakuja na mrija wa dume jingine,
umelala ndani ya mtungi unaofuka moshi wa baridi,
nao una maji yake, kidogo, ya kutosha.
Sikuahidi ndama.
Nakuahidi kwamba safari hii
nitauliza upande wa pili kwanza.

Bucha mpe kahawa, aende zake,
na kamba yake aichukue.
Na huyo nyuma ya pazia atoke.
Siku hiyo nitahitaji mtu wa kushika taa.