Diski ya Nne

Kasha lilikuwa la kompyuta ya benki,
limeuzwa mnadani, bado lina namba ya mali kwa rangi nyeupe ubavuni.
Nililileta Tabata kwa bodaboda, nimelikumbatia,
dereva akaniuliza njia nzima kama ndani mna pesa.

Diski nikazinunua moja moja, mshahara kwa mshahara.
Ya kwanza Mtaa wa Aggrey, kwa kijana aliyeapa kwa mama yake
kwamba haijawahi kukesha.
Ya pili ilitoka kwenye kamera za ulinzi za duka la vigae;
nilipoifungua ilikuwa na wiki mbili za mlango
na paka mmoja, anapita.
Ya tatu mpya kabisa, bado ina nailoni.
Mwezi ule tulikula dagaa.

Ya nne ndiyo iliyozua maneno.

"Na hii ya kuweka nini?"
"Hii haiwekwi kitu, Tunu. Inaweka hesabu ya wenzake.
Mmoja akifa, waliobaki wanakaa nayo,
wanatoa, wanajumlisha,
marehemu anarudi kama alivyokuwa."

Tunu akapepeta mchele. Pumba zikaruka.
"Mwambie basi baba yako."

Baba alipiga video za harusi Temeke, enzi za mikanda.
Ameacha mikanda mia mbili na kumi na saba
kwenye maboksi ya sabuni, mgongoni mwandiko wake wa kulalia:
*Sikudhani, mvua.*
*Mtoni, umeme ulikatika kabla ya keki.*
*Mzee Ngwali, mke wa pili, usionyeshe hovyo.*
Iliyoota ukungu niliifuta kwa pamba na spiriti,
usiku kwa usiku, mkanda unazunguka kwa saa zake uleule,
hauharakishwi.

Mia mbili na kumi na saba, na yeye hayumo.
Mwenye kamera hana sura.
Kuna kidole kimeziba kioo. Kuna kivuli juu ya pazia la bibi harusi.
Kuna kikohozi, kisha, "Sogea kidogo shangazi, unamla bwana harusi."
Hayo ndiyo niliyonayo.

Februari, joto la kuchemsha chai juu ya bati,
ikafa ya tatu. Ile mpya.
Ikagonga mara saba, tak, tak, kama mgeni asiyejua kengele,
ikanyamaza.
Nikachomeka nyingine, ya kukopa kwa shemeji,
na seva ikaanza kuijenga upya:
asilimia mbili. Asilimia mbili. Asilimia tatu.
Feni yetu ya chumbani nikaigeuzia kasha.
Tunu akalala anatoka jasho, hakusema neno,
na mke asiposema neno, mwanamume mwenye akili halali.

Saa nane usiku mita ikaanza kulia. Uniti mbili.
Simu yangu haikuwa na salio hata la kubipu.
Nikasikia mlango, kandambili, kisha sauti yake kibarazani
ikisoma namba ishirini za LUKU, nnennenne,
kidole kikizibonyeza kwenye mita:
sifuri, tisa, tisa, sita...
Akarudi kitandani.
"Usije ukasema nimekuunga mkono."

Jumapili ikafika mia.
Tukawasha runinga. *Sikudhani, mvua.*
Turubai limejaa maji, wajomba wanalisukuma kwa mwichi,
na nyuma ya kamera mtu anacheka, anacheka mpaka picha inatikisika.
"Ndiye?"
"Ndiye."
Tunu akairudisha nyuma mwenyewe. Mara mbili.

Bi Sikudhani alikuja wiki iliyofuata, na flashi kwenye kitambaa cha kichwa.
Kaachika siku nyingi.
"Nikatie pale penye mvua tu, mwanangu," akasema.
"Bwana harusi mwache humo humo ndani."