Tanbihi ya Saba

Jumamosi, Newala, nyuma ya ghala la korosho.
Tuko watano, meza moja, kompyuta moja iliyong'oka kitufe cha M:
ukitaka kuandika "maji" unadonoa kishimo kwa ncha ya kalamu.
Harufu ya salfa haijatoka kwenye magunia wala kwenye mashati yetu.
Mbele yetu, makala ya Dadi Mkwavila.

Inaanza: "Maji ni uhai. Tangu enzi na enzi, binadamu..."
Nafuta.
Dadi anaruka kama nimemkata kucha nikafika kwenye nyama.
Namwambia: anayefungua ukurasa huu ana ndoo mkononi.
Huyo binadamu wa tangu enzi hayumo kwenye foleni.
Sema kioski kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi,
nani ana ufunguo, na akisafiri anamwachia nani.
Sifa za maji waachie wenye kiu.

Basi tunajenga.
Kichwa: Maji ya Mtaa wa Nambunga.
Si "Kilio Chetu". Si "Hatimaye".
Vichwa vidogo vifupi, kama vigingi,
mtu aone kwa mbali kamba imefungwa wapi.
Bei tunaitoa ndani ya aya, tunaiweka kwenye jedwali,
maana bei ndani ya aya ni kijiwe ndani ya mchele:
utaijua kwa jino.
Dadi alikuwa amekoleza wino kila mstari,
ukurasa mzima unapiga kelele kama siku ya mnada.
Nimeuacha mkolezo mmoja, kwenye jina.

"Tangi lilipasuka hivi karibuni."
Hivi karibuni ya nani?
Mmoja anasema mwaka wa uchaguzi, mwingine anasema kabla,
tunabishana hadi chai inapoa,
kisha naweka kwenye mabano: chanzo kinahitajika.
Kutojua nako kuandikwe vizuri.

Tukafika sehemu ya mwisho, Kabla ya Bomba.
"Wanawake walishuka bondeni usiku wa manane,
wakapanda na mitungi jua likichomoza.
Mama yangu, shujaa wa mashujaa,
alianguka huko, na mlima mzima ukalia."

Hakuna aliyekohoa.
Kanuni yetu ya tatu niliiandika mimi, kwa mkono wangu:
usimwandike wa kwako, usisifu, usilie ndani ya makala.
Mama yake nilimjua.
Ungo wake ninao mpaka leo.

Nikafuta "shujaa". Nikafuta "mlima mzima ukalia".
Dadi akageukia dirisha.
Nikamuuliza: pale panaitwaje?
"Wapi?"
Pale.
Akajibu kama anayesoma karatasi ya dawa:
"Kwa Binti Chilumba."
Nani anapaita hivyo?
"Wote. Hata wenye bodaboda, ambao hawakumwona."

Nikaandika:
*Kona ya tatu ya njia ya zamani huitwa Kwa Binti Chilumba,
kwa jina la Asumini Chilumba, mteka maji,
aliyefariki hapo Agosti 1994.*
Asumini, M moja. Chilumba, M moja.
Mteka maji, M mbili.
Zote kwa ncha ya kalamu.

Chanzo? nikauliza, kwa kuwa ndiyo kazi.
Na Bi Somoe Hokororo, ambaye tangu asubuhi
alikuwa akihesabu vikombe tu, akasema:
"Niandike mimi. Nilikuwa nyuma yake."

Miaka yote hiyo, msibani, sokoni, kwenye mizani ya korosho,
hakuwahi kulisema.

*7. Simulizi la Somoe Hokororo, aliyekuwa nyuma yake njiani*

Dadi akarudi mezani. Akasoma mara mbili, midomo ikitembea.
"Umesahau nukta," akasema,
akanyoosha kidole, akaiweka mwenyewe,
akabonyeza Hifadhi.