Nyumba Imeshuka Kiunoni

Kwanza iliteremka sukari.
Kisha chumvi, kisha chupa ya chai,
kisha kopo la mchele lenye kishikio cha waya.
Mhando hakusema neno. Alipanda kigoda,
akavitoa kimoja kimoja kwenye rafu ya juu,
akavipanga pale mkono wangu unapoishia.
Sasa nyumba nzima inakaa kiunoni.
Juu umebaki ukuta, na kalenda ya mwaka juzi.

Mimi niliyesuka vichwa vya nusu ya Makorora,
mabutu, twende kilioni,
maharusi watatu kwa siku moja, Mfunguo Mosi,
mikono hewani tangu saa mbili hadi magharibi,
leo kitana kinafika sikioni.
Hapo bega linagoma
kama punda wa Pongwe aliyeona daraja.

Saa kumi na moja adhana inaniamsha.
Inaniamsha mimi; mwili unabaki.
Mabega yamemiminiwa zege usiku,
nyonga zimefungwa kwa kamba ya katani
iliyolowa, ikakaukia humo humo.
Najihesabia: kiwiko, ubavu, goti,
kisha namshika Mhando shati, naye anajifanya
alikuwa anaamka hata hivyo.

Takbira naitoa nikiwa kitini,
viganja vikikomea kifuani.
Nimemwomba Mola aihesabu safari iliyobaki.

Saa tano nalainika.
Ndipo Mwantumu wa jirani anapobisha hodi,
anikute nachambua mchicha. "Mbona mzima?"
Kweli, mbona mzima.
Ugonjwa huu hauna adabu:
huondoka mashahidi wakifika.

Walisema uzee. Walisema upepo wa feni.
Walisema nimefungwa na msusi mwenzangu
wa barabara ya kumi na tatu.
Nikakandwa mafuta ya karafuu hadi shuka zikanuka duka.
Kilo saba zikanitoka. Gauni likawa pazia.

Bombo, daktari kijana mwenye kalamu mbili mfukoni
akauliza: maumivu, toka sifuri hadi kumi, ni ngapi?
Nikamwambia, mwanangu, namba sina.
Nina sidiria ambayo mume wangu, fundi baiskeli,
amenifungia miezi minne sasa kwa vidole vya grisi,
akiguna kama anayetafuta tundu la pancha.
Nina choo cha kuchuchumaa, nakiogopa kuliko kaburi.
Nina kisogo ambacho sijakigusa tangu Rajabu.
Akaacha kuandika.
Kisha akayaandika yote.

Akauliza na macho, na kichwa kugonga,
na taya kuchoka nikitafuna. Hapana, nikasema.
Yakija, akasema, usingoje kukuche.

Jina la ugonjwa lilikuwa refu kuliko foleni ya dawa.
Vidonge vilikuwa vidogo, vichungu.
Siku ya tatu nilijikuta nimekwisha kukaa kitandani.
Sikumbuki kuinuka. Nilikaa tu, kama watu.
Nikapeleka mikono juu gizani, yote miwili,
nikaiacha huko huko.
Mhando akafumbua macho, akaniona,
akadhani tumeingiliwa na mwizi.

Lakini vidonge navyo vinadai.
Uso umekuwa duara, nimelirudia jina langu:
Mashavu, umenawiri! wananiambia sokoni.
Usingizi unakuja vipande vipande.
Kila mwezi daktari anapunguza kidogo,
na kila akipunguza
nasikiliza mabega kwanza, adhana baadaye.

Jana nilimsuka mjukuu. Mistari minne,
nikapumzika. Mitatu, nikapumzika.
Asubuhi amekwenda shule nusu ya kichwa imesukwa,
nusu imefungwa kitambaa, anacheka.

Mhando yuko juu ya kigoda.
Turudishe vitu? anauliza.
Nimemwambia arudishe chumvi.
Sukari aiache hapo ilipo.