Uzi wa Chini

Saa kumi na nusu alfajiri, Mabatini,
bomba linakohoa kabla ya kutoa maji.
Ziwa zima limelala chini yetu, limejaa mpaka Ukerewe,
na sisi huku juu ya mawe tunapanga ndoo
tukisubiri bomba likohoe.
Hapo ndipo huwa nakuita, Yesu,
mkono mmoja kwenye mpira.
Sina maneno marefu. Ndoo ni lita ishirini;
sala yangu huisha ikifurika.

Kisha siku inaanza, nami nakuacha mlangoni
kama kandambili.

Jumatano ile sikukuacha kwa kusudi.
Nilikuwa na magauni ishirini na mawili ya kwaya,
zambarau, kola nyeupe, yanatakiwa kabla ya Pasaka,
na kichwani nilikuwa na Nkwimba,
Nkwimba aliyechukua elfu arobaini tangu mavuno ya mpunga
na sasa akipita hapa Mlango Mmoja anapitia upande wa pili,
akikagua mabegi kana kwamba anasafiri.
Mguu ulikanyaga. Cherehani iliimba.
Nilimjibu Nkwimba maneno ambayo hajayasema,
nikamshinda, nikamrudisha, nikamshinda tena,
pindo likipita chini ya sindano,
gauni la kwanza, la pili, la tano.

Bwana, sauti ilikuwa ileile.
Hicho ndicho kinachonitisha.
Sindano ilipanda na kushuka, mafuta yalinukia,
na mteja angesimama pale angesema: huyu fundi anajua kazi.
Nilipolivuta la tano nikate uzi
pindo lote likaachia mkononi,
laini, kama mtu aliyeitikia bila kusikiliza.
Nikavuta la nne. Likaachia.
La tatu likaachia nusu.
Hapo katikati, nadhani, ndipo nilipoanza kumwita mwizi.
Bobini ilikuwa tupu.
Magauni mawili na nusu nilikuwa natoboa kitambaa tu,
matundu yaliyonyooka vizuri sana.

Holo wa vifungo alicheka mpaka akashika meza.
Nami nikacheka, kisha nikanyamaza,
nikakumbuka kwamba tangu lile bomba
sikukuuliza hata, upo?

Kurudisha uzi wa chini hakutaki nguvu.
Unajaza bobini, unaipachika gizani mahali pake,
unashika ncha ya uzi wa juu kwa vidole viwili
na gurudumu unalizungusha kwa mkono, polepole. Usikanyage.
Uzi wa juu unashuka usikoona.
Ukipanda, unapanda na mwenzake.

Nilikiangalia kile kitanzi kidogo.
Nikasema, Wewe uliyeshuka.
Sentensi sikuimaliza.

Tangu hapo kila nikibadili bobini nakutaja.
Si ibada. Mchungaji Masalu anataka sura nzima ya Biblia;
siku nyingine naisoma, siku nyingine nasinzia juu ya Waamuzi.
Lakini bobini moja haifiki magauni matatu,
kwa hiyo kwa siku tunaonana mara saba, nane,
na katikati navuta pindo, nione kama bado linasema kweli.

Nkwimba hajalipa.
Juzi alipita tena upande wa mabegi.
Bobini ilikuwa inakaribia mwisho.
Nikamwita. Akageuka kama anayesubiri kofi.
Nikamwambia gauni lako la kwaya liko tayari,
njoo tujaribu mabega.

Ile elfu arobaini bado naikumbuka, usinione mtakatifu,
nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango.
Lakini mabega yalimkaa.
Nilipiga magoti nikavuta pindo lake mara mbili,
mbele, na nyuma.
Lilishika.
Wabeja, Bwana.
Lilishika.