Spoki ya Tisa

Naibinua miguu, magurudumu mbinguni,
Ngumbao ana makuu: “Bora hii Malindini!”
Bei, asema, nafuu; la nyuma lenda pembeni,
kila likipita juu, lakonyeza kwa uhuni.

Nagusa spoki kwa kucha, moja moja, zaitika.
Ya tisa kimya. Naacha kuhesabu, naishika:
waya wa simu, wa pacha, mara tatu wazunguka,
rangi haikuuficha. Fundo hili nakumbuka.

Ni mimi niliyefunga, siku ile nikiuza
kwa kijana mwuza kanga, na kiapo nikakaza.
“Ina ila?” Ninagonga ringi, kisha nanyamaza.
Noti zote nazipanga, wala sisemi: “Punguza.”